Kupunguza Matiti kwa Upasuaji: Yakupasayo Kuyajua Kabla ya Kutia Saini



Katika mfuko wa barua za juma hili imo moja ya kurasa nne, iliyoandikwa pande zote mbili za karatasi, nami nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu kuijibu. Mwandishi wake ni askari polisi mwanamke mwenye umri wa miaka 34, mama wa watoto watatu, aishiye kota pamoja na mumewe ambaye ni koplo wa jeshi. Ameomba jina lake na la kituo chake yasitajwe, nasi tumemridhia. Katika safu hii tutamwita Mama Askari.

Anaandika hivi: “Mama, tangu nilipomzaa mtoto wa pili matiti yangu yamekua kupita kiasi, na baada ya huyu wa tatu ndiyo yamezidi. Mikanda ya sidiria imenichimba mabegani hata pana mifereji ambayo kidole hulala ndani. Shingo huniuma mchana na usiku. Chini ya matiti ngozi huchubuka na kutoa harufu kila majira ya joto. Katika gwaride na mbio za asubuhi mimi ndiye wa mwisho, na wapo wenzangu wanaocheka. Daktari ameniambia kuwa yapo matibabu ya kupasuliwa na kupunguzwa. Mume wangu amekataa katakata, asema huo ni urembo wa watu wenye fedha za kuchezea, na kwamba nitashindwa kunyonyesha. Sasa yeye atakwenda kazini nje ya nchi kwa miezi kadhaa. Nimeweka akiba yangu katika chama cha kuweka na kukopa. Nataka nifanyiwe wakati hayupo, akirudi akute mambo yamekwisha. Niambie, nitakutana na nini huko?”

Mama Askari, nitakujibu kwa utaratibu, maana swali lako lina mambo mawili. La kwanza ni la tiba, na la pili ni la nyumba. Miaka mingi kabla ya kukabidhiwa safu hii nilikuwa muuguzi katika wodi ya upasuaji, na wanawake wa upasuaji huu nimewafunga bendeji kwa mikono yangu. Kwa hiyo nisemayo si ya kusikia tu.

JE, NI UGONJWA AU NI UREMBO?

Titi limefanywa kwa tezi za maziwa, mafuta na nyuzinyuzi za kuyashikilia. Katika baadhi ya wanawake titi hukua kupita kadiri ya mwili, ama wakati wa kubalehe, ama kwa mimba, ama kwa kunenepa, na mara nyingine bila sababu iwezayo kuonekana. Uzito huo huning'inia mbele ya kifua mchana kutwa. Misuli ya shingo na mgongo hulazimika kuvuta nyuma kila dakika ili mwili usiiname, nayo huchoka na kuuma. Mikanda ya sidiria hukandamiza mabega. Baadhi ya wanawake hupata ganzi mikononi. Pale ngozi inapogusana na ngozi, jasho hukaa, ukungu huota, na vidonda hujitokeza.

Basi mwanamke mwenye dalili hizo si mvivu, wala si mpenda urembo. Askari apewaye mkoba mzito huutua mwisho wa safari. Mzigo huu hautuliwi hata wakati wa kulala. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hata hivyo, kabla ya kisu yako mambo ya kujaribu. Tafuta sidiria ikutoshayo barabara, yenye mikanda mipana na mgongo mpana, kwani wanawake wengi huvaa ile iliyo ndogo kwa kifua na pana kwa mgongo. Osha chini ya matiti kwa maji na sabuni, kausha vizuri, na upate dawa ya ukungu kutoka zahanati. Fanya mazoezi ya kuimarisha mgongo. Ikiwa mwili umenenepa, kupungua uzito huweza kupunguza matiti kwa kiasi fulani, ingawa titi lililojaa tezi kuliko mafuta halipungui sana. Lakini nakusihi usinunue mafuta ya kupaka wala vidonge vinavyotangazwa kuwa vinapunguza matiti. Hakuna dawa ya kupaka wala ya kumeza iliyothibitishwa kufanya kazi hiyo kwa ukubwa wa namna yako. Fedha hiyo ni heri uwanunulie watoto maziwa.

Mambo hayo yakishindikana, ndipo upasuaji unapozungumzwa.

ELIMU ILIYOZALIWA VITANI

Mumeo akiwa mwanajeshi, mwambie kwamba elimu ya upasuaji wa kurekebisha mwili ina deni kubwa kwa askari. Katika Vita Kuu ya Kwanza, daktari Harold Gillies aliwatengeneza nyuso askari waliojeruhiwa, katika hospitali iliyofunguliwa Sidcup, Uingereza, mwaka 1917. Katika Vita Kuu ya Pili ndugu yake wa ukoo, Archibald McIndoe, aliwatibu marubani walioungua moto huko East Grinstead. Na huyo McIndoe hayuko mbali nasi, kwani mwaka 1957 yeye pamoja na wapasuaji wenziwe wawili, Michael Wood na Tom Rees, ndio walioanzisha huduma ya madaktari warukao kwa ndege katika Afrika Mashariki, ambayo leo yajulikana kwa jina la AMREF. Wote watatu walikuwa wapasuaji wa fani hiyo hiyo.

Ama upasuaji wa matiti wenyewe, si jambo la jana. Tabibu wa Kiyunani Paulo wa Aegina, katika karne ya 7, aliandika jinsi ya kupunguza matiti ya wanaume yaliyokua. Mwaka 1922 Max Thorek wa Chicago alieleza njia ya kuitoa chuchu na kuipandikiza upya. Mwaka 1956 Robert Wise, daktari wa Texas, alichapisha kiolezo cha kuchora mahali pa kukata, wazo alilolitoa katika ufundi wa kushona sidiria. Akina mama washonao watafahamu mara moja: ukitaka kitambaa kikumbatie umbo, hukati ovyo, bali unapima, unachora, na ndipo unakata. Kiolezo hicho kingali kinatumika hospitalini hadi leo.

MAANDALIZI

Hatua ya kwanza ni kuonana na daktari aliyesomea upasuaji huo hasa, si kila mwenye kisu. Nchini Uganda wapasuaji wa fani hii wapatikana katika hospitali kama Mulago mjini Kampala, na CoRSU iliyoko Kisubi kwenye njia ya Entebbe. Chuo cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoundwa mwaka 1999, huwasomesha na kuwatahini wapasuaji wa eneo letu. Usione haya kumuuliza daktari: Umesomea wapi fani hii? Umefanya upasuaji huu mara ngapi? Daktari mwema hakasiriki kwa swali hilo.

Daktari atakuuliza habari za watoto, kunyonyesha, dawa unazotumia, kisukari, shinikizo la damu, na kama katika ukoo wenu yuko aliyeugua kansa ya matiti. Atakupima na kuyaangalia matiti kama yana uvimbe wowote. Mwanamke aliyetimiza miaka 40 au zaidi huambiwa apigwe kwanza picha ya eksirei ya matiti. Damu yako itapimwa. Huenda ukapigwa picha za kawaida za kifua, zisizoonyesha uso, ili ziwekwe katika faili na kulinganishwa baadaye. Nazo huhitaji idhini yako.

Mvutaji wa sigara lazima aache si chini ya majuma manne kabla, na asirudie hadi vidonda vipone, kwa sababu moshi hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi isiyopata damu hufa. Jambo hili si la kufanyia mzaha. Aspirini na baadhi ya dawa za miti shamba hufanya damu isigande upesi. Mtajie daktari kila unachokunywa, hata kile ulichopewa na bibi kijijini. Taja pia vidonge vya uzazi wa majira, maana baadhi yake huongeza hatari ya damu kuganda miguuni.

Ikiwa umetoka kumwachisha mtoto ziwa, daktari atataka usubiri kwa miezi kama sita hivi, hadi matiti yatulie. Mwili unaoendelea kunenepa au kukonda nao husubiriwa.

SIKU YENYEWE

Utaambiwa usile chakula kwa saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, na maji matupu ukome saa 2 kabla, au kama daktari wa usingizi atakavyoagiza. Asubuhi hiyo mpasuaji atakuchora kifuani kwa kalamu, nawe umesimama au umekaa wima, kwa sababu titi likilala hubadili umbo. Usishangae kuona mistari mingi kama ramani ya vita.

Kisha utapewa nusukaputi, nawe hutasikia kitu. Kazi huchukua kwa kawaida saa 2 hadi 4. Katika njia itumikayo sana, daktari hukata kuizunguka chuchu, hushuka wima hadi chini ya titi, na mara nyingi hukata tena katika mkunjo wa chini, hata kovu likafanana na nanga ya meli. Kwa matiti yasiyo makubwa mno mkato wa chini huweza kuachwa. Daktari huondoa nyama, mafuta na ngozi iliyozidi, huiinua chuchu hadi mahali pake papya, na kushona. Mara nyingi chuchu haikatwi kabisa kutoka mwilini. Huachwa imeungana na kipande cha nyama chenye mishipa ya damu na ya fahamu, mfano wa tunda lisilotengwa na kikonyo chake. Lakini titi likiwa kubwa mno, yumkini kikonyo hicho kisitoshe kuilisha damu, na ndipo ile njia ya kupandikiza itumiwapo. Hapo chuchu hupoteza hisia zake za zamani, na kunyonyesha hakuwezekani tena.

Uzito uondolewao hutofautiana. Kwa wengine ni nusu kilo kila upande, kwa wengine kilo moja au zaidi. Nyama hiyo haitupwi tu, bali hupelekwa maabara ichunguzwe kama haina kansa ndani yake.

SIKU ZA MWANZO

Utaamka umefungwa bendeji au umevishwa sidiria ya kubana. Huenda ukaona vibomba vidogo ubavuni vya kutolea damu na majimaji. Hivyo kwa kawaida huondolewa baada ya siku moja au mbili. Wengi hulala hospitali usiku mmoja au miwili. Utahimizwa kuinuka na kutembea mapema, ili damu isigande miguuni.

Maumivu yapo, lakini kwa wengi hushindwa na vidonge, na siku za kwanza ndizo mbaya zaidi. Matiti yatavimba, yatapiga rangi ya vilio, na baadhi ya sehemu zitakuwa na ganzi. Yataonekana yamepanda juu na kuwa na umbo la kisanduku. Usilie kwa hilo; yatashuka na kulainika, na sura yake ya kudumu haijulikani hadi miezi 3 au hata 6 ipite. Wako pia wanaoingiwa na huzuni katika juma la kwanza bila kujua sababu. Ni uchovu wa mwili uliopasuliwa, nao kwa kawaida huondoka.

Namkumbuka mgonjwa mmoja, mkulima, aliyeinuka kitandani siku ya pili, akasimama kimya kwa muda mrefu, akapeleka mikono yake mabegani, akaniuliza kama kweli hakuna kitu alichoning'inizwa shingoni. Maumivu ya kidonda alikuwa nayo. Yale maumivu ya miaka, alisema, hakuyaona. Wagonjwa wengi husema hivyo, na ndiyo maana upasuaji huu husifiwa na waliofanyiwa kuliko upasuaji mwingi mwingine.

Lakini namkumbuka na mwingine. Juma la pili kidonda chake kilifunguka pale mistari miwili ya mkato inapokutana, chini ya titi, akawa anakuja kufungwa bendeji kwa muda wa majuma matano. Alipona, ila kovu lake lilikuwa pana kuliko alivyotarajia. Huyu naye ni wa kweli kama yule wa kwanza, na sitaki uende ukimjua mmoja tu.

MAJUMA SITA YA NIDHAMU

Sidiria ya kushikilia itavaliwa usiku na mchana kwa muda wa majuma kama sita. Lala chali. Usioge hadi daktari akuruhusu, na kidonda kikishaloa kikaushwe kwa kupapasa, si kwa kusugua. Nyuzi nyingine huyeyuka zenyewe, nyingine hutolewa baada ya juma moja au mawili. Kazi ya mezani huweza kurudiwa baada ya juma moja au mawili. Kazi ya nguvu, la.

Na hapa, Mama Askari, soma polepole. Kwa majuma 4 hadi 6 hutainua kitu kizito. Maana yake hutabeba jerikeni la maji, hutashika jembe, hutapiga ugali wa watu wengi, hutafua mablanketi, hutamwinua mtoto wako mdogo kutoka chini, na hutamfunga mgongoni, kwa kuwa kitambaa hupita juu ya kidonda. Hutaning'iniza nguo kwenye kamba iliyo juu ya kichwa. Mbio, gwaride la nguvu, mkoba wa mgongoni, fulana ya kuzuia risasi, na kitako cha bunduki begani, vyote hivyo vitangoja ruhusa ya daktari, nayo si chini ya majuma sita. Omba daktari akuandikie barua ya kazi nyepesi, uipeleke kwa mkubwa wako mapema. Wakubwa wetu wa vituo, nanyi mnaisoma safu hii. Barua kama hiyo ikifika mezani mwenu, ichukuliwe kama ya askari aliyevunjika mguu, wala isiwe sababu ya kicheko chumba cha zamu.

MADHARA YAWEZAYO KUTOKEA

Hakuna upasuaji usio na hatari. Damu huweza kujikusanya ndani ya titi, na ikabidi mgonjwa arudishwe chumba cha upasuaji siku hiyo hiyo. Kidonda huweza kuoza au kuchelewa kupona. Kuchelewa huko ndiko kutokeako zaidi. Chuchu huweza kupoteza hisia, kwa muda au daima. Mara chache sehemu ya chuchu au yote hufa kwa kukosa damu. Mafuta huweza kufa ndani na kufanya uvimbe mgumu usio kansa, lakini ambao ni lazima uonyeshwe daktari. Matiti mawili hayatalingana kama pacha, kwani hata kabla ya kisu hayakulingana.

Makovu ni ya kudumu. Miezi ya kwanza huwa meusi au mekundu na kuinuka, kisha hufifia polepole kwa mwaka mmoja au mmoja na nusu. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna hatari zaidi ya kovu lile linalovimba na kukua kupita kidonda. Ukiwa nalo sikioni ulipotogwa, au mahali pa chanjo, mwonyeshe daktari kabla, si baada.

Rudi hospitali bila kungoja siku ya miadi ukiona titi moja limevimba ghafla na kuwa gumu, chuchu imekuwa nyeusi au ya kijivu, homa imepanda, usaha unatoka, mguu mmoja umevimba na kuuma, au pumzi inabana. Mficha maradhi kilio humfichua.

Upasuaji huu hauleti kansa. Lakini haukuondolei wajibu wa kuyachunguza matiti yako, kwa sababu tezi zimebaki ndani. Na ukinenepa sana au ukipata mimba, matiti huweza kukua tena.

SWALI LA KUNYONYESHA

Koplo, mume wa Mama Askari, hapa hukukosea kuuliza. Baada ya upasuaji huu wako wanawake wanyonyeshao vyema, wako wapatao maziwa kidogo na kulazimika kuongeza maziwa mengine, na wako wasiopata kabisa. Hutegemea sana kiasi cha tezi na mifereji iliyoachwa imeungana na chuchu. Hakuna daktari mkweli awezaye kuahidi. Kwa hiyo familia inayotaka mtoto mwingine karibuni hushauriwa ingoje, izae, inyonyeshe, kisha ndipo mama apasuliwe. Lakini mwanamke ambaye maumivu yamemwelemea halazimiki kungoja miaka kumi kwa ajili ya mtoto asiyejulikana kama atakuja. Ni jambo la kupimwa na watu wawili, kwa mizani moja.

Mama Askari, katika barua yako hukuandika kama mwataka mtoto wa nne au mmemaliza. Nadhani hukuandika kwa sababu hamjaulizana.

NENO KUHUSU SIRI

Mwenye mwili ndiye atiaye saini. Wewe ni mtu mzima, na fedha ni jasho lako. Sitakuambia kwamba uombe ruhusa kama mtoto wa shule.

Lakini siri hii haitafichika, nami nakuonyesha sababu tatu. Ya kwanza ni jerikeni. Ndani ya kota, mama wa watoto watatu asiyebeba maji kwa majuma sita atajulikana na mtaa mzima, na simu itamfikia mumeo huko aliko kabla bendeji haijafunguliwa. Ataambiwa na watu wasiojua, nao watamwambia uongo. Ya pili ni hatari yenyewe. Ikiwa damu itajikusanya usiku wa kwanza, hospitali itataka kumpigia mtu wako wa karibu. Ni nani huyo? Ya tatu ni swali la mtoto, ambalo huwezi kulijibu peke yako na kumkabidhi jibu mumeo akiwa uwanja wa ndege na sanduku mkononi.

Ushauri wangu ni huu. Kabla hajasafiri, nenda naye kwa daktari. Usianze na neno upasuaji. Anza na mabega. Vua sidiria usiku, umchukue mkono, umwekee vidole vyake ndani ya mifereji hiyo. Wanaume wengi hawajapata kuiangalia. Kisha akae mbele ya daktari aulize mwenyewe juu ya kunyonyesha, juu ya gharama, juu ya hatari. Bei iulizwe kwa ukamilifu: kitanda, dawa ya usingizi, chumba cha upasuaji, maabara, bendeji za baadaye, na gharama ya kurudi ikiwa kidonda kitafunguka. Akiba iliyokwisha yote mlangoni mwa hospitali haitoshi.

Akikubali, pangeni tarehe ambayo yeye yupo, au ambayo mama yako au dada yako aweza kuja kukaa nanyi miezi miwili. Akikataa hata baada ya kusikia yote, uamuzi ungali wako. Lakini hapo utaufanya waziwazi, ukiwa na mtu mzima kando ya kitanda chako na barua ya kazi nyepesi mikononi mwa mkubwa wako. Hilo ni tofauti na kutoroka.

Nawe Koplo, kama gazeti hili limekufikia kabla ya safari, sikia neno la mwanamke aliyefunga bendeji nyingi. Mkeo hataki kuwa kijana tena. Anataka kusimama zamu yake bila kuumwa shingo. Ukiogopa kwamba hatakuwa yule uliyemwoa, mwambie hivyo kwa kinywa chako, kwa maana hofu hiyo si aibu. Neno urembo ndilo lililomfanya aanze kuhesabu siku za kuondoka kwako.

KWA WANAUME PIA

Barua mbili fupi za vijana askari zimeuliza juu ya wanaume waliootwa na matiti. Katika mvulana anayebalehe jambo hili ni la kawaida, na mara nyingi huondoka lenyewe ndani ya miaka miwili, msimcheke. Kwa mtu mzima huenda ni unene, dawa fulani, pombe nyingi iliyoharibu ini, au ugonjwa wa tezi. Mwanamume naye hupata kansa ya titi, ingawa ni nadra. Uvimbe mgumu wa upande mmoja, au chuchu inayotoa damu, uonyeshwe daktari juma hili hili. Ikibidi, upasuaji upo, na mkato wake huwa mdogo.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutajibu barua za wake wa askari walioko mipakani juu ya kuhifadhi maharagwe yasiliwe na wadudu. Mama Askari, ukiisha kuonana na daktari tuandikie, nasi tutaitunza barua yako kama tulivyoitunza hii.